Huduma Iliyolala

Mafundi wetu wa mitandao wana kitenzi kimoja kwa kila kitu: kuwasha. Ruta inawashwa, telneti inawashwa, DHCP nayo inawashwa. Kwa ruta yenyewe neno linafaa, kwani ina umeme na taa. Kwa huduma zilizomo ndani linapotosha, maana kilichowashwa huendelea kuwaka mpaka kizimwe, na zipo huduma ambazo hazikuundwa ziwake hivyo.

Mwaka 1986 mfumo wa 4.3BSD ulikuja na programu iitwayo inetd. Kazi yake ni ya bawabu. Huketi peke yake akisikiliza milango mingi kwa pamoja. Mgeni akibisha mlango wa 23, bawabu huiamsha telneti, huikabidhi mgeni, kisha hurudi kusikiliza. Mazungumzo yakiisha, telneti huondoka na kumbukumbu iliyoishika huachiwa. Katika ruta ndogo hilo ni jambo kubwa: WRT54G, iliyozaa mradi wa OpenWrt mwaka 2004, ilikuwa na megabaiti 16 tu za kumbukumbu katika matoleo yake mengi ya awali.

Ndiyo maana nasema *huduma ya kuamshwa*. Ukisema "huduma kwa mahitaji", msikilizaji atauliza mahitaji ya nani. Kuamsha kunatupa ukoo mzima wa maneno: huduma imelala, imeamka, imeamshwa, na bawabu ndiye mwamshaji. Tena neno hili linasema kweli kuhusu usalama. Aliyelala huamshwa na yeyote abishaye, hata mwizi. Huduma ikizimwa kabisa, hakuna wa kuitikia hodi.

Kuzima nako kuna daraja. Mwanafunzi wangu mmoja alizima telneti kwenye ruta, akaenda kulala ameridhika. Usiku umeme ukakatika. Uliporudi, telneti ikarudi nao. Alikuwa ameisimamisha tu, hakuiondoa katika orodha ya zinazoanza pamoja na ruta. Kwenye OpenWrt orodha hiyo imo katika saraka ya /etc/rc.d, na kila jina lina namba inayoonyesha nani atangulie. Hiyo kwa Kiswahili ni zamu. Tafsiri nyingi za programu hutumia kulemaza, neno la kiungo kilichoharibika, ilhali huduma hii ni nzima. Imetolewa zamuni tu.

Basi, fundi mwenzangu, unapoandika mwongozo wa ruta kwa Kiswahili, usiishie kwenye "zima". Andika amri zote mbili: izime, kisha itoe zamuni.