Kipande cha Vesta kilitutangulia Peramiho

Mei 30, 1899, reli ilifika Nairobi, wakati huo kinamasi na malisho ya Wamaasai. Miezi mitano baadaye, Oktoba 24, jiwe likaanguka kutoka angani huko Peramiho, karibu na Songea, Tanzania ya leo. Uzito wake haufiki hata robo kilo: gramu 165. Wataalamu wa Vienna walilichunguza, ila enzi hizo nani angejua limetoka wapi?

Ni jiwe la volkano, jamaa wa yale meusi unayoyakanyaga ukipanda Vilima vya Ngong. Volkano angani? Fununu ilipatikana mwaka 1970, wanasayansi wa Marekani walipochambua mwanga wa Vesta, asteroidi kubwa iliyo katika ukanda wa kati ya Mirihi na Mshtarii, wakakuta unalingana na wa mawe ya aina hiyo. Vesta yenyewe ilikuwa imejulikana tangu 1807, Heinrich Olbers alipoiona akiwa Bremen.

Kuthibitisha kulihitaji safari. Chombo cha NASA kiitwacho Dawn kiliondoka Septemba 2007, kikisukumwa taratibu kwa gesi ya zenoni, na kikaanza kuizunguka Vesta Julai 16, 2011. Nairobi ilikuwa Jumamosi, yapata saa mbili asubuhi. Na hapa pana kioja: asubuhi hiyohiyo kimondo kilinguruma na kuangusha mawe mashambani upande wa Thika! Wapenda ishara watulie kidogo. Mawe ya Thika ni ya aina ya kawaida, hayana nasaba na Vesta. Mwenye nasaba ni yule mdogo wa Peramiho.

Kusini mwa Vesta, Dawn kilipiga picha shimo liitwalo Rheasilvia, lenye upana wa kilomita 500 hivi. Reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa ingeenea humo yote na nafasi ikabaki. Lilichimbwa na pigo la yapata miaka bilioni moja iliyopita, na vumbi na mawe yakatawanyika angani. Baadhi yakaishia kwetu. Madini ambayo Dawn kiliyapima yalilingana na ya vimondo hivyo.

Chombo kilihamia Ceres, gimba jingine la ukanda huohuo, kikaishiwa mafuta mwaka 2018, na kimebaki huko kikizunguka kimya.

Vesta ndiyo asteroidi pekee ya ukanda huo ambayo mara kwa mara huonekana kwa macho matupu. Usiitafute ukiwa Westlands wala Kilimani, taa za mji zitakunyima. Vuka Ngong, shuka barabara ya Magadi usiku usio na mbalamwezi, na ubebe darubini.