Mjitokezaji wa Besiboli

Ukilifasiri neno la Kiingereza walk-on kwa kufuata miguu yake, utapata mtu anayeingia uwanjani akitembea. Lakini hata mwamuzi huingia akitembea. Katika michezo ya vyuo vya Marekani, neno hilo humtaja mchezaji aliyejiunga na timu bila kusajiliwa kwa ufadhili wa masomo unaotolewa kwa sababu ya michezo. Hakuna kocha aliyemfuata kwao na karatasi ya kutia saini. Ameingia chuoni kama mwanafunzi yeyote, analipa ada, na siku ya majaribio ikifika, mara nyingi mwanzoni mwa muhula wa vuli, anabeba glovu yake na kwenda kujipanga na wenzake. Atakimbizwa yadi 60, yaani kama mita 55. Atadaka, atarusha, atapiga mipira michache. Wengi huishia hapo.

Tumwiteje kwa Kiswahili?

Neno la kwanza kunijia lilikuwa la mzaha: mzamiaji. Ni yule wa harusini, kavaa kapendeza, anakula pilau, na hakuna ajuaye kama ni wa upande wa bwana au wa bibi. Linachekesha, lakini linamwonea. Mzamiaji hupenya kwa kificho. Huyu kapimwa mchana kweupe. Mchezaji wa majaribio nalo halikai, kwa kuwa majaribio yakiisha naye akapewa jezi, jina la walk-on hubaki naye, pengine mpaka amalize chuo.

Kwa muda nililipenda mchezaji wa kujitegemea, kwa mfano wa mtahiniwa wa kujitegemea tunayemjua katika mitihani ya Tanzania. Linagusa mfuko, na suala la mfuko limo kweli. Lakini besiboli yenyewe inaliangusha. Kwa miaka mingi, hadi 2025, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliiruhusu timu ya daraja la kwanza ufadhili kamili wa wanafunzi 11.7 tu. Ndiyo, na nukta saba. Kwa kawaida fungu hilo liligawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27, kila mmoja angalau robo, katika kikosi cha watu 35. Kwa hiyo hata aliyebembelezwa asajiliwe aliweza kujikuta akijilipia robo tatu ya gharama. Tena vyuo vya Ivy League havitoi kabisa ufadhili wa michezo. Tukipima kwa mfuko, kila mchezaji wa Harvard atakuwa wa kujitegemea, hata yule aliyesakwa na kocha tangu sekondari.

Kinachomtambulisha, basi, ni namna alivyofika: alijitokeza. Brett Gardner alijitokeza hivyo katika College of Charleston, na majaribio yakaisha bila kocha kumwita. Baba yake akaandika barua kumwombea nafasi ya kufanya mazoezi na timu. Mwaka 2005 New York Yankees wakamchagua, na 2009 alikuwa kikosini walipotwaa ubingwa. David Eckstein, mfupi kuliko wengi uwanjani, aliingia timu ya Florida kwa mlango huo huo. Mwaka 2006 akawa mchezaji bora wa fainali za World Series akiwa na St. Louis Cardinals. Ndiyo maana nasema mjitokezaji, wingi wajitokezaji. Kitenzi chake tunacho tayari: wagombea hujitokeza, wachangia damu hujitokeza.

Litapingwa na kisa kimoja. Wapo wanaoitwa preferred walk-on: kocha kawaahidi nafasi kikosini, ila fedha hakuna. Aliyealikwa amejitokezaje? Kiingereza chenyewe kimejikwaa hapa, nasi hatudaiwi kukinyoosha. Mjitokezaji mwalikwa linatosha, na utata wake ndio utata wa asili.

Tangu msimu wa 2025/26, vyuo vilivyokubali masharti mapya yaliyotokana na mapatano ya mahakamani havibanwi tena na ile 11.7, lakini kikosi chao cha besiboli hakizidi watu 34. Nafasi zimepungua, na mjitokezaji ndiye wa kwanza kuzikosa.

Mwenye neno bora kuliko hili naye ajitokeze.