Kilio cha Mtoto Katika Jumba la Sinema

Malalamiko dhidi ya wazazi wanaoingia sinema na watoto wadogo ni ya miaka mingi. Mtazamaji aliyelipa kiingilio hudai utulivu. Mama aliyelipa kiingilio kile kile naye hudai haki ya kustarehe, ilhali hana wa kumwachia mwanawe. Aghalabu hudhaniwa kwamba kimya ndiyo desturi ya asili ya sinema, na kwamba mtoto aliaye ameivunja. Historia haisemi hivyo.

Sinema zilianza kwa picha zisizo na sauti. Mwaka 1905, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, kilifunguliwa chumba cha picha ambacho kiingilio chake kilikuwa senti 5, na baada ya miaka michache vyumba vya namna hiyo vilienea nchini kote. Waliovijaza walikuwa hasa wafanyakazi na wahamiaji, wakiwamo akina mama waliopakata watoto. Kwa kuwa picha hazikusema, mazungumzo ya watu hayakufunika neno lolote. Waliojua kusoma waliwasomea wenzao maandishi yaliyotokea kwenye pazia. Penye wengi pana mengi, na sauti ya mtoto ilikuwa moja tu kati ya hizo nyingi.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1927, filamu zenye maneno ya kusikika zilipoanza kuenea. Tangu hapo, neno moja likimpita mtazamaji, huenda kisa kizima kikampotea. Kimya kikawa sharti, na mtoto akawa mkosaji. Baadhi ya wenye majumba walijenga vyumba vya kioo nyuma ya ukumbi, ambamo mama aliweza kutazama picha bila kilio cha mwanawe kuwafikia wengine. Naye Richard Hollingshead, mwezi Juni 1933, alifungua karibu na Camden, New Jersey, sinema ya uwanjani ambayo watu waliitazama wakiwa ndani ya magari yao. Katika matangazo yake aliikaribisha familia nzima, hata kama watoto wana kelele namna gani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki nako sinema si jambo la jana. Jumba la Royal mjini Unguja lilifunguliwa mwaka 1921. Baadaye filamu za Kihindi zilipendwa mno, mathalani Awaara ya Raj Kapoor, iliyotolewa mwaka 1951. Watazamaji wengi hawakukijua Kihindi. Aliyekifahamu kisa alimweleza jirani yake, na nyimbo zilizokwisha zoeleka ziliimbwa na ukumbi. Basi hapa pia mnong’ono haukuwa utovu wa adabu, bali njia ya kufahamiana na kusaidiana.

Kadhalika, katika miaka ya 1950 na 1960 majumba ya pwani yaliweka maonyesho ya wanawake peke yao. Mama aliyezuiwa na heshima ya nyumbani kuchanganyika na wanaume aliweza kwenda na dada zake, mashoga zake na watoto wake. Hapo hakuna aliyeshangaa kumsikia mtoto akilia, kwani karibu kila mmoja alikuwa mlezi. Mwaka 1966 Dar es Salaam nayo ilipata sinema ya magari. Ingawa wenye magari walikuwa wachache, jamaa na majirani walijazana katika gari moja, wakaenda pamoja wakubwa kwa wadogo.

Mifano hii yatufunza jambo moja. Kila palipotafutwa ufumbuzi wa busara, mama hakufungiwa mlango. Alipangiwa wakati wake au mahali pake. Kumwambia abaki nyumbani hadi mwanawe akue ni kumnyima burudani ya wenzake kwa miaka mingi, na mzigo huo kwa kawaida haumwangukii baba. Lakini haki hiyo ina mpaka. Mzazi anayemwacha mtoto akimbie kati ya viti huku wengine wakisikiliza maneno ya filamu amechukua fungu lisilo lake. Mtoto akilia, ni wajibu wake kumtoa nje na kumtuliza.

Televisheni, iliyoanza Zanzibar katika miaka ya 1970 na Tanzania Bara mwaka 1994, pamoja na kanda za video, ziliileta picha nyumbani, na majumba mengi ya zamani yakafungwa. Ugomvi ukapungua, lakini na shule ikapotea. Ukumbini mtoto alijifunza mapema kwamba furaha yake imepakana na furaha ya mwingine. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na adabu ya kukaa na watu haifundishwi kwa kumtenga nao.