Uvira: Kutoka Bandari ya Rumaliza hadi Koloni la Ubelgiji

Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1858, waliikuta bandari yenye shughuli. Mitumbwi kutoka Ujiji ilipakia pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na, kwa uchungu mkubwa, watumwa.

Baadaye mwambao huu wa Bavira, wenyeji wa Uvira, uliangukia mikononi mwa Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza. Kutoka hapa alijaribu kuivamia Burundi, lakini Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo akamzuia.

Majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama mali yake binafsi, yalimshinda Rumaliza mwaka 1894, naye akakimbilia upande wa Wajerumani. Wenyeji walibadilishiwa bwana tu; hawakurudishiwa nchi yao. Utawala mpya nao ulitikiswa na maasi ya askari wake wenyewe mwaka 1897, na Wajerumani wa Usumbura (Bujumbura ya leo) wakapata mwanya wa kudai bonde la Ruzizi.

Mwaka 1908 Leopold aliikabidhi Kongo kwa Ubelgiji. Mpaka wa mto Ruzizi kati ya Wabelgiji na Wajerumani ulikubaliwa mwaka 1910, mjini Brussels, bila mwami hata mmoja wa bonde hili kuketi mezani.