Ngazi ya Dereva wa Garimoshi

Neno 'garimoshi' lina wazazi wawili: 'gari' tulilipata kutoka Kihindi, 'moshi' ni letu la Kibantu. Ndani ya injini, hata hivyo, wazazi hao hawakukaa sawa.

Udereva wa injini ya mvuke ulikuwa na ngazi. Kijana alianza kwa kusafisha injini, akapanda kuwa mchochea moto, na mwisho akawa dereva. Lakini katika reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu 1901, Mwafrika alikatiwa ngazi hiyo katikati. Kwa miongo mingi kiti cha dereva kilikuwa cha Wazungu na Wahindi. Yeye alichochea tu, akaijua kila milima ya njia, na bado hakuitwa dereva.

Basi si ajabu, kwa maoni yangu, kwamba 'dereva' tulilikopa kwa Mwingereza ilhali 'kuchochea' ni letu. Tunapofundisha msamiati wa uchukuzi, jamani, tusikomee kwenye maana. Tueleze pia nani aliruhusiwa kuitwa nani.