Ndwele

Sokoni Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara ya Moshi–Arusha, muuza ndizi akilalamika kwamba mshirika wake wa zamani alimdhulumu, mwenzake humtuliza: “Achana nayo, dada. Yaliyopita si ndwele.” Hapo hunyamaza, kana kwamba methali imeishia hapo.

Ndwele ni ugonjwa. Siku hizi neno hili halisikiki sana nje ya methali na mashairi, lakini lina ukoo mkubwa: mwele ni mgonjwa kwa Kiswahili cha zamani, na Waganda husema okulwala kwa kuugua, endwadde kwa ugonjwa.

Nusu inayoachwa ndiyo yenye kazi: “tugange yajayo.” Kuganga ni kutibu, na humo ndimo alimotoka mganga. Tena kitenzi kiko katika wingi. Methali haimwamuru aliyeumia asahau peke yake. Inamwahidi mwenzi wa kuganga naye. Kumwambia mtu asahau, kisha ukaenda zako, ni kumwongezea upweke.

Ukimwambia rafiki yako yaliyopita si ndwele, tafadhali imalizie methali, kisha umuulize mtaanzia wapi.