Watoto wa Uingereza na Kompyuta za Nyumbani

Mwaka 1982 ilitolewa nchini Uingereza kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum. Ile ya bei nafuu, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, iliuzwa kwa pauni 125. Haikuwa na kioo chake. Iliunganishwa na televisheni ya nyumbani, na programu zikahifadhiwa katika kanda za kaseti. Mtoto alipoiwasha, haikumpa mchezo, bali ilimngoja aiamrishe kwa lugha ya BASIC. Alinakili programu kutoka majaridani, mstari kwa mstari. Na kosa la nukta moja lilitosha kuikwamisha. Hapo ndipo elimu ilipoanzia, kwani alilazimika kulitafuta kosa lake mwenyewe. Walimu na tulizingatie hili: kijana asiyejua kukiamrisha chombo, chombo ndicho kitakachomwamrisha.